Kindi wa Memsahib

Ijumaa ya mwezi wa Machi, mvua tangu alfajiri. Ndiyo siku niliyoanza utarishi katika ofisi ya Bwana Shamba, Kilwa Masoko, enzi za Mwingereza. Nikikosea mahali mnisamehe, shule niliiachia darasa la nne.

Memsahib mmoja alirudi kwao akaacha tundu lenye kindi wawili wa kijivu, wageni. Bwana Shamba alinituma niwalete wauawe.

"Wewe sikia," aliniambia. "Hawa nabandua magome mpaka mti nakufa. Kwetu Uingereza walifunguliwa wachache tu, wakazaa, wakafukuza kindi wetu. Wakitoka hapa, mikorosho kwisha. Hakuna mtu tawarudisha."

Mama yangu, mjane, aliishi kwa mikorosho yake Nyangamara.

Nyumbani kwa memsahib nilimkuta mpishi wake, Mzee Athumani, na kanzu yake ya msikitini, mkono uko kwenye komeo la tundu.

"Shikamoo, mzee. Usifungue!"

"Marahaba. Kumwachia kiumbe aliyefungwa, tena Ijumaa, ni thawabu. Umekuja kuninyang'anya pepo yangu?"

Nikamweleza ya magome na mikorosho. Akacheka. "Vipanya hivi? Vina mkia tu!"

Akavuta komeo. Nikaurukia mlango, lakini mmoja alishapenya, akapanda begani kwake, akaruka paani, akapotea.

"Mzee, mama yangu atakula thawabu yako?"

Kicheko kikamkauka. Akalikalia tundu, kanzu yote topeni. "Aliyebaki ni jike," alisema. "Dume peke yake hazai. Usiogope, mwanangu."

Hakuwa mtu mbaya. Alikusudia huruma, na mimi nisingetumwa labda ningemsaidia kufungua.

Ofisini Bwana Shamba alimgeuza yule kindi aliyebaki tumbo juu, akatazama. "Huyu dume," alisema taratibu. "Jike ndiye metoka. Kama ana mimba..."

Nimewatumikia mabwana shamba wengi, Kilwa hadi Lindi, na kila shamba tulilokagua nilitazama magome kwanza. Sikuona alama. Pengine alikufa kwa mvua, pengine sikujua kutazama. Nimestaafu, bado napapasa miti ya watu.

Jioni ya siku ile ya kwanza, kwa shangazi, tulikula ugali wa muhogo na kisamvu. Shangazi aliniuliza mbona sitafuni. Nilikuwa nasikiliza makuti ya paa, kama kuna kitu kinapita juu yake.