Maputo ya Harusi ya Wifi

Mtaani walimwita Mama Maputo. Zamani alikuwa mshonaji, mgongo ukamgomea, akaiacha cherehani na kugeukia kupamba kumbi za harusi.

Wifi yake, mdogo wa mumewe, alipopata mchumba, alimjia mwenyewe. Miaka yote walikuwa paka na panya.

"Wifi, nipambe mpaka waliokuja kusengenya wasahau walichokuja nacho."

"Nitakupamba hadi bwana harusi akutafute kwa tochi."

Siku ya harusi Mama Maputo aliamka mapema, akajifungia katika chumba cha nyuma ya ukumbi, chenye kiyoyozi kinachotetemesha meno. Akajaza maputo hadi yakakaza kama ngoma. Jua lilipopamba moto, akayatoa uani ayafunge kwenye lango la maharusi.

Pa! Likapasuka moja. Pa! Pa! Mama mkwe akajificha nyuma ya viti akiita watoto wake wote kwa majina.

Wifi akatoka mbio, jicho moja lina wanja, jingine halina. "Wifi, leo ndiyo umeamua kunilipiza?"

Mama Maputo alitazama vipande vilivyotapakaa. Machozi yalimlenga.

Mumewe, fundi wa matairi, akaokota kipande cha puto. "Mama watoto, uliyajazia wapi haya?"

"Ndani, kwenye baridi."

"Basi hakuna mchawi. Hewa ikipata joto hutanuka, na wewe hukuiachia nafasi."

Wifi akabetua midomo. Kaka yake akachukua puto lililosalimika, akalizamisha kwenye pipa la barafu la soda. Likanywea taratibu, ngozi ikalegea. Akaliweka juani, likajaa tena bila mtu kulipuliza.

"Umeongeza nini?" mama mkwe aliuliza, sasa ametoka mafichoni.

"Sijaongeza kitu, mama. Hewa ni ile ile. Baridi inaikunja, joto linaikunjua."

Wakaanza upya, safari hii nje, kivulini, wakijaza kwa kiasi. Wifi hakurudi kwa aliyekuwa akimpaka wanja. Alivuta kiti, na khanga yake mabegani, akawa anafunga vifundo.

"Nisamehe, wifi," alisema bila kuinua macho. "Nilidhani bado una kinyongo."

"Kinyongo ninacho," Mama Maputo alijibu, "ila si cha kupasua maputo."

Wakacheka mpaka mama mkwe akawakemea kwa kuchelewesha harusi.

Lango lilisimama hadi jioni. Gari la maharusi lilipoondoka, Mama Maputo alilia kuliko hata mama mkwe, akashangaa mwenyewe.