Kanda ya Babu kwenye Njegere

Nakumbuka asubuhi moja kule Mgeta, ukungu ukiwa bado umelala, nimesimama kwenye njegere za Babu na kaseti tupu mkononi. Nilikuwa kidato cha pili. Sasa niko cha nne, na wewe, mwanangu, hata hujazaliwa, lakini mimi mbele za watu mdomo hunigoma, kwa hiyo nakuandikia mapema humu daftarini.

Ndege walikuwa wanatumalizia njegere. Dawa yao ni utepe wa kaseti: unaufunga kwenye vijiti, upepo unauvumisha, wanakimbia. Nilikuta kanda isiyo na jina sandukuni kwa Babu, nikaivuta utumbo wote. Sikuuliza.

Babu akaja. Nikamwamkia, "Shikamoo, Babu." Hakuitikia. Aliushika utepe kwa vidole viwili.

"Uliisikiliza kwanza?"

"Hapana."

"Wanasema majuto ni mjukuu. Kumbe walikuwa wanakusema wewe."

Ndipo akanieleza. Ujanani alikuwa fundi redio. Alichukua redio mbovu, akaziunganisha nyaya mpaka zikaimba zenyewe, bila ngoma wala maneno, akajaza albamu nzima. Wauza kanda wa mjini wakamcheka: "Kaka, leta muziki, redio mbovu tunazo." Nakala chache alizogawa, watu walirekodi kwaya juu yake. Ilibaki hiyo moja.

Lakini kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Siku tatu tuliokota utepe, yeye akiunga palipokatika kwa selotepu, mimi nikiurudisha kasetini kwa kuzungusha kalamu. Kipande kimoja kililiwa na mbuzi. Hicho hakikurudi.

Tukaiweka redioni. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Sauti zilipanda polepole kama ukungu unavyopanda Uluguru, zikazama, zikarudi zimepinda, kana kwamba zinatoka chini ya maji. Nilijisikia sina uzito. Babu alikuwa amefumba macho.

"Hapo panapopinda sikupaweka mimi," akasema. "Ni umande wa njegere. Rudisha nyuma, tusikie tena."

Nikarudisha. Katikati ya zile sauti akasema taratibu, "Marahaba, mjukuu wangu."

Basi, mwanangu, kitu cha waliokutangulia usichokijua, kisikilize kabla hujakipa kazi nyingine. Ukishakiharibu, usijifiche kama nilivyotamani kujificha. Kaa chini, zungusha kalamu. Mungu akupe masikio yenye subira, na siku utakayokosea, akupe mtu wa kuunga naye.