Mbwa Wanaolamba Oili Chini ya Gari la Mama Mkwe

Mbwa halambi oili.

Kama ulikuwa hujui, leo jua. Nina miaka kumi na tisa kwenye ufundi wa magari, oili nimeimwaga kila mahali, na mbwa akifika hapo ananusa, anapiga chafya, anakwenda zake.

Sasa nielezeni, kwa nini mbwa wawili walikuwa chini ya gari la mama mkwe wangu, wanalamba sakafu huku wanatingisha mikia?

"Hao wanakuja kila asubuhi," mama mkwe akaniambia. "Nimechoka kuwafukuza."

Gari lenyewe ni vani la zamani, limenizidi umri. Mama analiendesha mwenyewe. Anambeba baba mkwe, ambaye figo zimegoma, na mara tatu kwa wiki lazima afike hospitali akasafishwe damu. Kiti chake cha magurudumu kinaingia kizima kwenye vani hilo tu. Na njia ya hospitali ina mteremko wenye kona mbili mbaya.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma niende.

"Baba Pacha, mama anasema asubuhi usukani ni mgumu, anauzungusha mpaka kwapa zinauma. Kesho ni siku ya baba. Nenda leo."

Nikaenda. Nikatandika katoni, nikajitumbukiza chini ya gari. Boksi la usukani linavuja, sili ya chini, ule mpira unaozuia oili isitoke, imekwisha. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni rangi. Kilichokuwa kinadondoka kilikuwa cha njano, tena kimegandaganda.

Nikatoka, nikafungua kifuniko kidogo cha juu cha boksi.

Khaa!

Jamani, ile harufu! Sufuria iliyosahauliwa jikoni wiki mbili ina nafuu. Nikachovya kidole. Kikatoka na uji mzito unaonata, ndani yake vipande vyeusi vya vitunguu vilivyoungua, na mguu wa mende. Mende mwenyewe nilimkuta baadaye, amelowa, amevimba. Nikafuta kidole kwenye katoni haraka.

Mafuta ya kupikia. Tena yaliyokwisha kukaangia!

Kumbe ndiyo maana. Baridi ya asubuhi inayagandisha, usukani unagoma. Siku yoyote ungekwama katikati ya kona, na mgonjwa yuko nyuma amefungwa mkanda.

Hasira zikanipanda. Na nilishajua ni nani.

Kuna fundi mmoja tunamwita Gundi, kwa sababu kila kitu yeye anagundisha. Miezi miwili nyuma ndiye aliyetengeneza mlango wa vani hili. Sikuuliza mtu. Nikapiga picha, nikaingia kwenye grupu letu la mafundi la kwenye simu, nikarekodi sauti:

"Tazameni uchafu wa Gundi! Anajaza mafuta ya kukaangia kwenye usukani wa gari la mgonjwa! Huyu si fundi, ni muuaji! Mtu mzima hana haya, hana akili, ananuka kama kazi yake! Ptuu!"

Grupu likawaka moto. Vicheko, matusi, kila mtu na lake.

Nikageuka. Mama mkwe amesimama mlangoni na kikombe cha chai alichoniletea. Alikuwa amesikia yote.

"Mwanangu," akasema polepole, "huyo muuaji ni mimi."

"Mama?"

"Mafuta naweka mimi. Kila Jumatatu, kama ulivyoniagiza. Mwanzo niliweka mapya. Nikaona yanavuja tu, nikawa nachuja yaliyobaki jikoni."

"Nilikuagiza mimi?"

"Mwaka jana. Nilikupigia nikakwambia gari linavuja. Ukasema gari la zamani halikosi kuvuja, niwe naongeza mafuta pale juu. Nikauliza, mafuta gani? Ukasema, 'Mafuta ni mafuta tu, mama.' Ukakata simu."

Lo! Nilikumbuka neno kwa neno.

Siku ile nilikuwa na wateja. Kushusha boksi lile ni kazi ya kutwa, na mama mkwe humtozi. Nikalipua, bora liende. Sisi mafundi tunasema oili. Yeye nikamwambia mafuta, eti namrahisishia.

Kile kinyaa chote nilichokuwa nacho kikanirudia mwenyewe. Nikajinusa vidole, nikajichukia.

Mama akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo ningemuua mume wangu?"

"Hapana, mama. Ningemuua mimi."

Nikashusha boksi, nikalifungua, nikaosha gia kwa petroli. Ikabaki sili mpya. Nikapiga simu maduka saba. Vani la miaka ile? Hakuna. Duka la mwisho jamaa akacheka: "Sili za mizee kama hiyo anazo Gundi peke yake. Ana kopo zima."

Mdomo huponza kichwa, jamani.

Nikampigia. Akaniacha nieleze hadi mwisho. Kisha akasema, "Sili ninayo. Kaseme kwanza kule kule uliponitukania."

Nikarekodi upya. Nikasema gari ni la mama mkwe wangu, Gundi hajagusa usukani, na aliyemwambia mama aweke mafuta ni mimi. Safari hii hakuna aliyecheka, na hiyo iliniuma kuliko vicheko.

Gundi akaja na sili mfukoni. Hakunisalimia. Alimwamkia mama, akalala chini kwenye katoni yangu, akanisaidia kurudisha boksi. Tukajaza oili ya gia. Ilipofika jioni chini ya gari palikuwa pakavu.

Kesho yake mchana baba mkwe akanipigia kutoka hospitali, sauti ya uchovu.

"Leo mama yako kaendesha bila kusali kwenye kona. Mwaka mzima alikuwa anasali, usukani ukimgomea."

"Sasa baba, mbona hakunipigia tena?"

"Nilimwambia akupigie. Akasema, 'Mwache mtoto, ana kazi. Siku ile nilimuuliza swali moja tu akanikatia simu.'"

Nilikaa kwenye ndoo ya oili gereji, simu mkononi, mteja ananiita na mimi simsikii.

Fundi mwenzangu, daktari, mwalimu, wewe mwenye ujuzi wowote ule: mtu akikuuliza "gani?", mjibu. Utakachomwambia atakifanya hivyo hivyo, kwa sababu anakuamini.