Kovu Tuliloliita Adabu

Daktari wetu wa upasuaji alifariki wiki iliyopita, na wasomaji wangu wa Tukuyu mtanisamehe nikisema kwamba alikuwa mbishi kupita kiasi. Miaka mingi alikuwa Dar es Salaam akiinua nyuso na shingo za wenye uwezo waliochoka kuonekana wazee. Alipostaafu alirudi kwao Rungwe, akawa anapasua siku mbili kwa wiki. Nikamtania kwamba huku hakuna wa kulipia shingo mpya. Hakucheka. "Wewe unadhani kazi ile ni kuvuta ngozi," akasema. "Ukivuta ngozi peke yake, kovu linatanuka na uso unarudi ulikotoka. Unakaza tabaka la chini, karibu na msuli. Ngozi unailaza tu." Nikamwona anajisifia.

Nilimwelewa kwa mama mmoja wa Nkunga. Aliungua kwa uji wa moto utotoni, kovu likakivuta kidevu hadi karibu na kifua. Akaolewa hivyo hivyo, mtandio shingoni. Sasa, kwa desturi yetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hata njiani humpisha. Basi ukoo mzima ukamsifu mama wa watu kwa heshima. Nami, katika safu hii hii, niliwahi kumtolea mfano bila kumtaja: mke asiyeinua macho. Naona aibu mpaka leo.

Daktari alilikata lile kovu, akaziba kwa ngozi ya paja, akamvalisha kola ya shingo na kumwonya asiivue kwa miezi, shingo isije ikajikunja upya. Wiki ya tatu mama mkwe akaivua. Alisema mwanamke gani anamkodolea mkwewe macho namna ile. Daktari aliposikia alipanda Nkunga siku ile ile, mvua ikinyesha, nami nikiwa naye. Akaingia sebuleni na matope yake, akamwambia baba mkwe, "Mzee, huyu hakuwa anainama. Alikuwa amebanwa. Kola isiporudi leo, atabanwa tena mpaka kaburini." Mzee akamgeukia mkewe. "Mvalishe. Mimi ndiye nitakayepita njia nyingine."

Nimeona ofisi ngapi zikipakwa rangi kwa ajili ya mgeni huku paa linavuja! Kuvuta ngozi tunakuweza sana, ya chini hatuyagusi. Yule mbishi aliyagusa, hata yalipokuwa ndani ya nyumba ya mtu.

Msibani nilikuwa nyuma ya yule mama kwenye foleni ya kuaga. Alipofika kwenye jeneza aliinama polepole, akamtazama daktari usoni, akasema, "Ndaga fijo," asante sana. Kisha akainuka, akapita kidevu juu, na baba mkwe wake akasogea pembeni kumpisha. Siku nyingine nikitaka kumsifu mtu kwa kuinama, nitauliza kwanza kama anaweza kuinuka.