Chai ya Shahidi

Ndugu zangu, leo nusura shajara yangu inipeleke jela.

Kesi ya cherehani nilishaishinda. Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu wa zamani pale Msimbazi aliyeizuia, ameshairudisha. Leo nilikwenda Mahakama ya Mwanzo kudai gharama za kesi tu.

Nikamsomea hakimu kutoka kwenye shajara, tarehe kwa tarehe. Ada ya kufungua kesi. Nauli ya shahidi. Chai ya shahidi.

"Ndugu, ulimpa shahidi chai?"

Watu wakacheka. Hapo ndipo nilipoelewa nimeandika nini.

"Chai ya kunywa, Mheshimiwa. Na andazi."

"Wote husema ya kunywa. Nani alikuona?"

Nikaona gharama zinakwenda, na pengine ushindi wenyewe. Shahidi wangu akatazama viatu vyake. (Viatu vina nini?)

Akasimama Bi Zuhura, yuleyule niliyemshtaki.

"Ilikuwa chai kweli, Mheshimiwa. Ya rangi, tena sukari haba. Hata mimi alininunulia kikombe, siku hiyohiyo."

Hakimu akaandika. "Basi Bi Zuhura, utamlipa gharama zote, pamoja na chai ya shahidi."

"Na kikombe changu, nikilipe pia?"

Nikapekua shajara. Hakimo.

"Kisichoandikwa hakilipwi," akasema hakimu.

Nje, Bi Zuhura akanishika mkono.

"Mwanangu, kile kikombe ulisahau kukiandika, au ulinipa kwa moyo?"

Nilisahau. Ukweli ndio huo, ndugu zangu.

Ninyi mngemwambiaje?