Bei ya Nyumba Niliyoitangaza Mwenyewe

Tarehe kumi na nne ya mwezi wa nane nilimpoteza mume wangu. Alikuwa fundi wa mabehewa ya treni tangu ujana wake, na miaka yote hiyo tuliishi katika nyumba za kupanga. Kifo chenyewe sitakiandika. Nitaandika yaliyofuata.

Kwetu, siku ya kufunga kilio, familia inakaa na mtu mmoja anasoma hesabu mbele ya wote: kilichochangwa, kilichonunua sanduku, kilichobaki. Desturi hiyo inazuia maneno. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alisoma daftari lote. Alipomaliza nikasimama mwenyewe, nikasema kazi ya marehemu imenipa dola elfu kumi na tisa na mia tano za mwisho wa utumishi, ili mtu asije akasema mjane ameficha. Nilipaza sauti. Nilitaka hata waliokaa nyuma wasikie.

Wa nyuma walisikia. Mmoja wao alikuwa komisionere, dalali wa nyumba wa barabara yetu, yule anayekaa kwenye kona chini ya mwavuli, na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki nyumba za kupanga na za kuuza. Alikuwa amekuja kutupa pole. Alikula bukari, ugali wetu, siku tatu, lakini siwezi kusema hakuleta kuni.

Nilitaka vitu viwili: nyumba yangu, na kaburi la matofali na simenti kabla ya mvua. Kaburi lilikuwa na msalaba wa mbao tu, na udongo wa kule ukiloa unazama mpaka hujui tena mtu wako amelala wapi. Nilikuwa nimemwahidi mume wangu, kitandani, kwamba hatapotea. Kwa hesabu yangu nyumba ingemeza elfu kumi na sita, na kaburi lingepata lake bila shida.

Baada ya wiki chache komisionere akanijia.

"Mama, pole tena na kilio. Mi niko na nyumba yako mu kartie ya Bel-Air. Byumba bitatu, maji iko, karatasi yote iko."

"Bei gani?"

Akatazama juu, kama mtu anayesoma kitu kwenye mawingu. "Elfu kumi na tisa. Mwenye nyumba hashuke hata franga moya."

Mtu mwingine angeshangaa jinsi bei ile ilivyoenea kwenye mfuko wangu, na mia tano zimebaki kwa ajili ya komisionere mwenyewe. Mimi sikushangaa. Tulikwenda kuiona. Nikiwa nimesimama barazani nikasikia, kwa mbali, mabehewa yakigongana stesheni, nikasema nainunua. Lazima niandike na hili: siku ileile alinionyesha nyumba nyingine, ya elfu kumi na nne, yenye bati zuri kuliko hii. Niliikataa kwa sababu treni haikusikika pale. Alinibembeleza nirudi kuiangalia tena. Sikurudi.

Nikalipa, elfu kumi na tisa kwa muuzaji na mia tano kwa komisionere. Muuzaji, mama mzee aliyekuwa mwalimu, akatia sahihi, nami nikahamia na sufuria zangu na koti la kazi la marehemu. Kaburi nikaliambia lingoje kidogo.

Mwezi wa kumi yule mama akaja kuchukua vyungu vyake vya maua kabla ya kwenda Kasenga kwa binti yake. Nikampa chai. Alikuwa anaangalia ufa mmoja ukutani.

"Mama, unisamehe na huu ukuta," akasema. "Ju ya ule ufa njo nilisema elfu kumi na sita tu."

"Kumi na sita? Karatasi inasema kumi na tisa."

"Komisionere aliniambia niandike vile. Alisema njo vile banafanyaka: ya chini ni yangu, ya juu ni ya kazi yake. Nilimurudishia elfu tatu pale pa kona. Mi nilizani mulisikilizana."

Sukari niliyokuwa nimeishika nikaiweka yote kwenye kikombe chake. Aliinywa hivyohivyo, kwa adabu.

Alhamisi nikaenda parokiani, ambako kuna avoka kijana, wakili anayesikiliza watu bure.

"Mama, sheria haisaidie mutu ju tu alinunua bei kali," akasema. "Mutu mukubwa iko na haki ya kununua bei kali."

Nikamshukuru kwa haki hiyo.

"Lakini ule ulituma na ulilipa, lazima akuambie kweli. Kama alificha bei ya mwenye nyumba na akakamata ya katikati, arudishe. Anza kwa shefu wa kartie. Ukienda tribinali, ile elfu tatu itaishia mu njia."

Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, alituweka kwenye benchi moja, mimi na komisionere, kama bibi na bwana harusi.

"Mwenye nyumba alisema ngapi?" shefu akamwuliza.

"Shefu, mi nilitembea sana. Angalia kiatu." Akainua mguu.

"Nauliza bei, siulize kiatu."

"Kumi na sita."

"Na mama ulimuambia ngapi?"

"Kumi na tisa. Lakini mama mwenyewe alisema mu kilio, mbele ya bantu yote, iko na ngapi! Mi nilikata bei ku kipimo yake, kama fundi wa manguo."

Shefu akajifunika mdomo kwa daftari. "Mama, ni kweli?"

"Ni kweli. Na alinionyesha ingine ya kumi na nne, nikakatala."

"Sasa weye unakuya kumushitaki ao kumutetea?"

"Nakuya kutafuta kaburi ya bwana yangu. Mvua iko karibu."

Hapo hakuna aliyecheka. Shefu akaamua: zile mia tano abaki nazo, maana nyumba alizionyesha na karatasi alizifuatilia, elfu tatu azirudishe zote. Komisionere akasema elfu tatu zimeshakuwa pikipiki. Shefu akamwambia pikipiki nayo ina bei, na yeye kazi ya kuuza anaijua.

Aliiuza kwa hasara. Sehemu moja akanirudishia kwa noti, iliyobaki kwa matofali na mifuko ya simenti, ambayo aliifikisha makaburini mwenyewe. Alimchotea fundi mwashi maji asubuhi nzima bila kuombwa. Saa nane kaburi lilikuwa limekwisha, limenyooka, na mawingu yalikuwa bado upande wa Zambia.

Akaniomba karatasi kwamba amemaliza deni. Nikaandika: huyu alinificha bei ya mwenye nyumba, na amerudisha yote. Nikaandika tena: alinionyesha nyumba ya bei ndogo, mimi nikaikataa.

Akasoma mara mbili.

"Mama, mustari ya kwanza tuifute. Ya pili iko muzuri sana."

"Yote mbili ni kweli."

"Najua, mama. Njo maana naomba moya tu."

Nilikataa. Akaiweka karatasi gotini, akatia sahihi, na fundi akatia ya shahidi kwa kidole chenye simenti.