Kigae cha Kijani Siku Tata Alipokuja Kula

Aibu hii nimezeeka nayo, na nisingeisema kama mjukuu wangu anayekaa Nyanga, pale Bukoba, asingenionyesha ukuta wa jiko lake uliobandikwa vigae vya kioo, akaniuliza, "Bibi, umewahi kuona kitu kizuri hivi?" Nikamwambia, nimewahi, mwanangu. Kaa chini usikie, na usinikatize.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mimi bado mke mpya huko Buganguzi, na mume wangu alikuwa amenijengea jiko langu la kwanza, lakini katika ukoo ule ilikuwa lazima Tata, yaani baba mkwe, aje kwanza ale chakula kilichopikwa humo. Akiridhika tunajitegemea kwenye kibanja chetu, shamba letu la migomba, asiporidhika narudi kupika kwa mama mkwe (na mama mkwe yule, Mungu amrehemu, alikuwa akikagua hadi unene wa maganda ya ndizi ninazomenya). Basi wiki hiyo nikapeleka ndizi Bukoba mjini kwa mama mmoja wa Kihindi, nikaona nyuma ya jiko lake ukuta mzima ni vioo, vyekundu, vya kijani, moto ukiwaka vinametameta, nikabaki mdomo wazi! Fundi alikuwa bado anafungasha vifaa vyake, nikamwomba masalio, akanijazia kikapu.

Wifi yangu Koku alinionya. "Subiri tupate sementi."

"Sementi ya nini? Nyumba hizi zimesimama kwa udongo na mavi ya ng'ombe tangu babu yako hajaoa!"

Tukakanda, tukabandika nyuma ya mafiga, na jamani, ukuta ule ulipendeza! Nilikuwa natoka nje kisha naingia tena, natoka naingia, ili tu niushangae upya.

Jumapili Tata akaja na wazee wenzake moja kwa moja kutoka kanisani. Nilikuwa nimeinjika chungu kikubwa cha ndizi na maharage, nimekifunika kwa majani ya mgomba, na mvuke ulikuwa unapanda ukutani tangu asubuhi (udongo unaunywa, mimi naimba). Nikachoka, nikaegemea ukuta kidogo. Kidogo tu. Kisha nikaepua, nikapakua chakula kwenye jani, Koku akakipeleka.

Nikageuka kuutazama ukuta wangu. Pale katikati, penye kigae cha kijani, palikuwa na shimo.

Nikatafuta sakafuni, hakuna. Kwenye majivu, hakuna. Ndani ya chungu, hakuna! Jasho likanitoka: kioo kimo kwenye chakula cha baba mkwe!

Kwetu mkamwana hapiti mbele ya baba mkwe anayekula, na akiitwa huingia kwa magoti. Mimi niliingia mbio. Wazee wamemaliza kusema Amina, Tata ameshamega tonge, liko karibu na mdomo, nikapiga kelele, "Tata, usile!" nikalipiga lile tonge likaanguka, nikakunja jani na chakula chote kikiniunguza mikono, nikatoka nacho nje.

"Mke wa mwanao ana wazimu!" mzee mmoja akasema.

"Ana uchoyo huyo," mwingine akamjibu.

Uani nikapiga magoti, nikawa naponda zile ndizi kwa vidole, kipande kwa kipande, huku nalia. Koku akaja, ameshika mlango, hajiwezi kwa kucheka.

"Wifi, geuka."

"Nigeuke nini? Njoo tutafute!"

"Waitu, mwenzangu, kigae umekibeba mwenyewe!"

Nikapeleka mkono nyuma. Kilikuwa kwenye makalio, kimenata na udongo wake mbichi wa mavi ya ng'ombe, kinang'aa juani, na wale wazee wote nilikuwa nimewapa mgongo nilipokuwa nakimbia!

Tata akatoka. Nikatamani ardhi inimeze.

"Ulidhani kimo kwenye chakula changu?"

"Ndiyo, Tata."

Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Anayekubali kuonekana kichaa ili mimi nisimeze kioo, huyo abaki na jiko lake. Lakini huo ukuta ubandue leo." Akaanza kurudi ndani, akasimama. "Na utuchomee ndizi, tuna njaa. Ukizileta, tutakukagua kwanza mbele na nyuma." Wazee wakaangua kicheko ambacho nadhani Muleba nzima ilikisikia.

Niliubandua siku ileile, na sijabandika tena kitu chochote ukutani, hata kalenda. Mjukuu wangu anasema vyake vina gundi ya kisasa. Sawa. Chakula chake nilikila, kilikuwa kitamu, ila nilikaa mbali na ukuta, na kabla sijatoka nilijipapasa nyuma.